Msimwondolee Mtoto Dagaa Kabla ya Kujua

Jioni ya leo tuzungumze juu ya kauli inayosikika sana kwenye foleni ya kliniki ya watoto: "Huyu dagaa wanamkataa." Mama anaeleza kwamba alimpa mwanawe uji wenye unga wa dagaa, usiku mtoto akajikuna, asubuhi akaamka na vipele shingoni. Jirani akashauri, bibi akaafiki, na tangu siku hiyo mtoto hakuonjeshwa tena samaki wa aina yoyote. Wakati mwingine mama huyo yuko sahihi kabisa, na ushauri wa jirani umeokoa maisha. Lakini mara nyingi zaidi mtoto huwa ameondolewa chakula bora kuliko vyote ambavyo mfuko wa nyumba ile unavimudu, tena kwa kosa ambalo dagaa hakulitenda.

Jambo hili nalisema kwa uchungu. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zilionesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka 5 nchini mwetu wamedumaa. Sisi wa Kigoma tunaishi kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo dagaa wake wanasakwa hadi Dar es Salaam na ng'ambo ya Kongo. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake, na kichwa chake, akampa mtoto protini, kalsiamu, chuma na zinki kwa tonge moja. Mtoto wa Kibirizi anyimwe chakula hicho kwa uvumi? Hapana. Kama ni kumnyima, basi iwe kwa sababu inayojulikana.

Sasa mzio ni nini hasa? Kazi ya kinga ya mwili ni kutambua kilicho chetu na kisicho chetu, halafu katika visivyo vyetu kutenga adui na riziki. Hiyo ya pili ndiyo kazi ngumu. Kila siku tunameza protini za viumbe wengine: za samaki, za maharage, za mahindi, za ng'ombe. Kwa mwili zote ni ngeni, kama zilivyo ngeni protini za vijidudu vya kipindupindu. Hata hivyo wengi wetu tunakula, tunashiba, tunalala, na kinga ya mwili haijishughulishi.

Kwa mwenye mzio, kinga imeikosea protini moja ikadhani ni adui, ikatengeneza dhidi yake kingamwili za aina inayoitwa IgE. Kingamwili hizo hujibandika juu ya seli maalumu zilizotapakaa chini ya ngozi, puani, mapafuni na kwenye kuta za utumbo, na seli hizo zimebeba vifuko vya kemikali iitwayo histamini. Mara ya kwanza mtu hasikii lolote. Siku protini ile ikirudi, inazishika IgE mbili kwa pamoja, seli zinamwaga histamini, na ndani ya dakika chache midomo inavimba, ngozi inatoka mabaka yanayowasha, tumbo linasokota, mtu anatapika, na kwa wengine kifua kinabana. Ushikeni muda huo: aghalabu ni dakika, na kwa kawaida hauzidi saa mbili. Kipele kilichochomoza kesho yake jioni mara nyingi kina habari nyingine.

Na mjue kwamba siri hii ilifumbuliwa kwa sababu ya samaki. Mwaka 1921, katika mji wa Breslau, ambao wakati ule ulikuwa Ujerumani na leo ni Wrocław nchini Poland, kulikuwa na daktari aitwaye Heinz Küstner ambaye akila samaki alikuwa akiwashwa na kuvimba. Mwenzake, Carl Prausnitz, alikula samaki bila tatizo. Prausnitz akachukua majimaji ya damu ya Küstner, akajidunga kidogo kwenye ngozi ya tumbo lake mwenyewe. Siku ya pili yake akajidunga mahali palepale maji yaliyotolewa kwenye samaki. Pakavimba, pakawasha. Kwa hiyo kilichokuwa kinamtesa Küstner kilikuwa ndani ya damu, na kiliweza kuhamishwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Ilipita miaka 45 kabla ya wanandoa Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Kimishige na Teruko Ishizaka, kukitenga kitu hicho, huku Johansson na Bennich wa Sweden wakikifikia kwa njia yao. Mwaka 1968 kikapewa jina tunalolitumia sasa, IgE.

Wanorwe, ambao ni wala samaki wakubwa kama sisi, ndio waliochimba upande wa pili, yaani ndani ya samaki mwenyewe kuna nini. Walikuta protini ndogo ya kwenye misuli iitwayo parvalbumini. Kazi yake ni kushika kalsiamu ili msuli ulegee upesi baada ya kukaza, na samaki aweze kuchapa mkia haraka. Wengi sana kati ya watu wenye mzio wa samaki, mzio wao ni wa protini hii. Nayo ni sugu. Ukiichemsha haiharibiki, ukiikaanga haiharibiki. Mwenye mzio wa kweli hasaidiwi na kubadilisha mapishi, na wako wanaobanwa kifua kwa mvuke tu wa sufuria ya samaki inayochemka jikoni.

Samaki wetu nao wamo katika hesabu hiyo. Mgebuka na sangala ni wa jenasi ya Lates, ndugu wa samaki maarufu wa Asia na Australia aitwaye barramundi, ambaye parvalbumini yake imeandikwa katika orodha ya kimataifa ya protini zinazoleta mzio. Protini za samaki wa jamii mbalimbali hufanana, kwa hiyo mzio wa mmoja unaweza kuwa mzio wa wengi. Tena kipimo hutofautiana: nyama nyeupe ina parvalbumini nyingi, nyama nyeusi ya ubavuni ina kidogo. Ndiyo maana utamkuta mtu anayekula samaki wa aina moja salama na wa aina nyingine akamlaza hospitali. Ila asijipime mwenyewe nyumbani. Hiyo ni kazi ya daktari, dawa ikiwa karibu.

Turudi kwa wale wengi ambao samaki hawawadhuru. Kwa nini hawawadhuru? Hapa ndipo penye utamu wa somo lote, na niruhusuni nikae kidogo.

Mwaka 1911 huko Marekani, Harry Gideon Wells na Thomas Osborne walifanya majaribio kwa simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara. Simbilisi aliyedungwa protini ya mahindi, akadungwa tena baadaye, angeweza kupata mshtuko wa mzio. Lakini simbilisi waliolelewa kwa kula mahindi hawakupata mshtuko huo. Kula kuliwafundisha. Protini ikipita kinywani, ikashuka tumboni, ikafika kwenye utumbo mtulivu, seli za kinga zilizopo pale huipokea na kuzalisha seli nyingine za kutuliza, ambazo huizuia kinga isije ikatangaza vita dhidi ya protini hiyo. Kwa maneno mengine, chakula si kitu kinachoisubiri kinga iamue. Chakula chenyewe kinaielekeza kinga iamue nini.

Ajabu ni kwamba, pamoja na kulijua hilo, ushauri uliotolewa kwa wazazi miaka mingi baadaye ulikwenda kinyume chake. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwaambia wazazi ambao ukoo wao una mzio wachelewe: mayai mpaka miaka 2, karanga na samaki mpaka miaka 3. Nia ilikuwa njema. Watoto waliokuwa na mzio hawakupungua, na mwaka 2008 ushauri huo ukaondolewa.

Mwaka huohuo wa 2008 ukachapishwa utafiti uliolinganisha watoto wa Kiyahudi wanaoishi Uingereza na wenzao wa Israeli. Damu ni moja, lakini wale wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga zaidi ya mara 10 ya wale wa Israeli. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba mtoto wa Israeli huanza kula karanga akiwa hajatimiza mwaka, maana huko kuna kitafunwa laini cha karanga ambacho kila mama humpa mwanawe. Profesa Gideon Lack wa London na wenzake wakafanya jaribio rasmi kwa watoto 640 wa umri wa miezi 4 hadi 11, waliokuwa na pumu ya ngozi kali au mzio wa mayai. Nusu walilishwa karanga mara kwa mara, nusu walikatazwa kabisa, mpaka wote wakafika miaka 5. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Kati ya wale ambao vipimo vya mwanzo havikuonesha dalili yoyote, waliokatazwa karanga walipata mzio karibu 14 katika kila 100, na waliolishwa hawakufika 2.

Upande wa samaki, watafiti wa magharibi mwa Sweden waliripoti mwaka 2009 kwamba watoto walioanza kula samaki kabla ya miezi 9 walipata pumu ya ngozi kwa uchache kuliko waliocheleweshwa.

Wazee wetu wa Ujiji hawakusoma lolote katika hayo. Mtoto akianza kukaa, bibi humega ugali wa muhogo, akauchovya kwenye mchuzi wa mgebuka, akamtia kinywani. Kilichohitaji kurekebishwa katika desturi hiyo ni kidogo: mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, kisha aanze vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya, na dagaa wawe miongoni mwa vyakula hivyo vya kwanza. Wachambuliwe mchanga, waoshwe, wakaangwe kavu, watwangwe, unga uchekechwe ili mifupa isimkwaruze, uchanganywe kwenye uji au kwenye sombe (kisamvu) iliyopondwa laini. Yai nalo lisifichwe. Ipo miiko kwamba mama mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele, na mtoto akila mayai itakuwa hivi au vile. Nawaheshimu wanaoisema, lakini miiko hiyo inawanyima mama na mtoto protini bila kuwakinga na chochote.

Nimeulizwa kuhusu miezi ya ziwa kufungwa kwa uvuvi, kama ile ya kuanzia Mei hadi Agosti 2024, dagaa walipopanda bei na kuadimika. Je, mtoto akikaa miezi hiyo bila dagaa, mwili utasahau? Watoto wa lile jaribio la London walifuatwa tena, wakaambiwa wasiguse karanga kwa miezi 12 mizima. Wengi wao hawakupata mzio hata baada ya hapo. Ni karanga, si dagaa, lakini ni sababu nzuri ya kutokuwa na hofu.

Sasa nije kwenye upande wa pili wa jambo hili, ambao sisi wa pwani ya ziwa unatugusa kuliko watu wa bara. Protini ileile ikiingia kwa njia nyingine, mwili huipokea kwa namna nyingine. Ni sawa na mgeni: aliyebisha hodi mlangoni unamkaribisha na kumpa kiti, aliyeingia dirishani usiku unampigia kelele za mwizi, hata kama ni ndugu yako. Kwa chakula, mlango ni kinywa. Dirisha ni ngozi iliyochubuka, na pua.

Mwaka 2003 huko Uingereza ilionekana kwamba watoto waliopakwa mafuta yenye karanga juu ya vipele walikuwa katika hatari zaidi ya kuwa na mzio wa karanga baadaye. Ngozi iliyochanika hutoa ishara ya hatari. Protini inayopita hapo wakati ishara hiyo inalia huandikwa kwenye daftari la maadui. Mtoto mwenye pumu ya ngozi, yaani yule ambaye mikunjo ya viwiko na magoti yake ni mikavu, imepasuka, inamwasha mpaka anajikuna damu, ngozi yake ni madirisha matupu.

Nendeni mwalo wa Kibirizi asubuhi mtazame. Mitumbwi imerudi na dagaa wa usiku wa karabai na taa za sola, wanawake wamewamwaga, wamewatandaza, wanawageuza kwa mafagio. Kufika saa tisa alasiri wamekauka, wanakusanywa na kusindiliwa kwenye magunia, na kila gunia likitikiswa hutoka vumbi jepesi la kijivu linalong'aa magamba. Vumbi hilo ni protini tupu. Mama analivuta, na mtoto aliye mgongoni, shavu lake likiwa na ukurutu, linamtua usoni. Mtoto huyo huenda hajaonja dagaa bado. Mwili wake utakutana na dagaa kwa mara ya kwanza kupitia shavu lililochubuka.

Afrika Kusini, Profesa Mohamed Jeebhay na wenzake wamewachunguza kwa miaka mingi wafanyakazi wa viwanda vya samaki vya pwani ya magharibi, wanaosindika sadini na jamii zake, wakakuta watu waliopata mafua ya mzio na pumu kwa kuvuta protini za samaki kazini. Dagaa wetu, wale wawili ambao wataalamu wanawaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ni wa jamii hiyohiyo ya sadini. Kwa hiyo mwanamke wa Katonga au Kibirizi anayekohoa kila msimu wa kufungasha, na akikaa nyumbani wiki mbili kikohozi kinaisha, asiambiwe ni baridi ya ziwa. Amweleze daktari kazi anayoifanya. Na wakati wa kutwanga na kufungasha, kitambaa puani, upepo mgongoni, watoto mbali. Mtoto mwenye ngozi kavu apakwe mafuta mazito ya mgando kila siku, mara baada ya kuoga, na anayempaka anawe mikono kwanza kama ametoka kushika samaki.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wachache wanalifahamu, linahusu dawa za kiungulia. Protini nyingi huvunjwavunjwa na tindikali ya tumbo kabla hazijafika kwenye utumbo. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna, Eva Untersmayr na wenzake, waliwapa panya protini za samaki pamoja na dawa za kupunguza tindikali, na panya wakapata mzio wa samaki. Mwaka 2005 wakaripoti juu ya watu wazima 152 waliotumia dawa hizo kwa miezi mitatu: karibu robo yao walionesha kuongezeka kwa IgE dhidi ya vyakula. Dawa hizi zina kazi yake, na aliyeandikiwa na daktari asiziache. Ninaowasema ni wale wanaonunua dukani kila wanapokula maharage yakawajaza gesi, wakaendelea kumeza kwa miezi bila kuulizwa.

Na sasa kosa kubwa kuliko yote, lile linalowapakazia dagaa sifa mbaya wasiyostahili. Nimesema mwenye mzio hutoa histamini kutoka kwenye seli zake mwenyewe. Lakini histamini inaweza kuja tayari imetengenezwa, ndani ya samaki. Nyama ya samaki wa jamii ya sadini ina kwa wingi kirutubisho kiitwacho histidini. Samaki akishakufa akakaa kwenye joto, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini. Dagaa waliovuliwa saa tano usiku wakarundikwa kwenye mtumbwi bila barafu, wakashushwa asubuhi, kisha mawingu ya masika yakatanda wakashinda kutwa hawajakauka, kesho yake wakaanikwa tena juu ya mchanga, dagaa hao wanaweza kuwa na histamini ya kumwangusha mtu mzima. Ukiwakaanga haitoki. Ukiwatia chumvi wakati huo haitoki. Ukiwachemsha kwa ndimu na tangawizi, harufu itapungua na histamini itabaki.

Anayewala uso unamwiva, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, ngozi inamtoka mabaka, wengine wanasikia ukali kama wa pilipili ulimini. Ni dalili zilezile za mzio, kwa sababu kemikali ni ileile. Tofauti ni kwamba kinga yake haina kosa lolote. Alikula sumu. Na njia ya kutambua ni nyepesi: ulizeni waliokula sahani ileile. Wakiwashwa watatu kati ya watano, mwenye hatia ni dagaa wa siku ile. Akiwashwa mmoja tu, na akala tena dagaa safi siku nyingine akawashwa tena, hapo mzio unanukia. Viwango vya kimataifa vinataka samaki wa jamii hii asizidi miligramu 200 za histamini kwa kilo. Mnunuzi wa Kigoma hana kipimo, ana macho na pua: dagaa aliyekaushwa vizuri anang'aa fedha, amenyooka, tumbo halijapasuka, hana harufu ya kuchacha wala rangi ya kutu.

Hili halimalizwi na mnunuzi peke yake. Vichanja vya waya vinavyomwinua dagaa juu ya mchanga, hewa ikapita chini na juu, vinakausha haraka na kwa usafi. Barafu kwenye vyombo vya uvuvi, na sehemu za kukaushia wakati wa mvua, ni mambo ambayo halmashauri zetu zina uwezo wa kuyapanga kwenye bajeti. Na naomba kwa dhati Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ambao wana kituo hapa Kigoma, pamoja na Shirika la Viwango, TBS, wapime histamini ya dagaa wa msimu wa mvua na watangaze matokeo redioni kama yanavyotangazwa matokeo ya mtihani.

Neno kuhusu vipimo vya damu. Siku hizi mtu anaweza kupimwa IgE ya vyakula chungu nzima kwa pesa nyingi, akarudi na karatasi inayomkataza nusu ya vyakula vya sokoni. Muwe waangalifu, hasa sisi wa kando ya maji. Huko Ghana, watafiti walipima watoto wa shule wakakuta takriban 17 katika kila 100 wana IgE dhidi ya karanga. Walipowachoma ngozini kwa kipimo cha karanga, zaidi ya tisa katika kila kumi kati ya hao hawakuonesha chochote. Maelezo yalikuwa minyoo na kichocho. Vimelea hivi vina sukari juu ya protini zao inayofanana na ile ya mimea, mwili ukatengeneza IgE ya kupigana na kimelea, ikaonekana kwenye karatasi kama mzio wa karanga. Ziwa letu nalo lina kichocho kwenye baadhi ya fukwe. Kuwa na IgE peke yake si ugonjwa. Kinachotazamwa kwanza ni kilichompata mtu alipokula.

Na asije mtu akasema basi minyoo iachwe itulinde. Visiwani Koome, Ziwa Victoria upande wa Uganda, vijiji 26 vya wavuvi vilishiriki jaribio kuanzia mwaka 2012. Wengine walipewa dawa ya kichocho mara moja kwa mwaka, wengine mara nne. Baada ya miaka mitatu, waliopewa dawa kwa wingi hawakuwa na pumu wala mzio zaidi ya wenzao. Watoto wameze dawa za minyoo shuleni kama kawaida.

Sasa yule mtoto ambaye kweli ana mzio wa samaki. Yupo, na nisije nikawa nimemsahau kwa kuwatetea dagaa. Kila alapo samaki, dakika chache midomo inavimba, sauti inakauka, anapiga chafya mfululizo, ngozi inaota mabaka mwili mzima, au anatapika na kulegea. Huyo asionjeshwe tena, hata mchuzi, hata ugali uliopikwa kwa mwiko wa mboga ya samaki. Mwalimu wake aambiwe, mama lishe wa karibu na shule aambiwe, shangazi wa kule Uvira anakokwenda likizo aambiwe. Mzio wa samaki mara nyingi hudumu ukubwani, ingawa daktari anaweza kumpima upya kila baada ya muda. Na pengo la protini ya dagaa lizibwe kwa maharage, karanga, mayai, kuku, maziwa, asiachwe na uji mtupu.

Kifua kikibana, ulimi ukivimba, au akizirai, hapo si suala la maziwa wala mkaa wala kumtapisha. Dawa ni sindano ya adrenalini, msulini, pajani, na kila dakika ina thamani. Vidonge vya kutuliza mwasho vinasaidia ngozi, havifungui koo. Adrenalini ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, imo kwenye orodha ya dawa muhimu za taifa, na inatakiwa iwepo kwenye zahanati, si kwenye hospitali ya Maweni tu. Mlalisheni chali, miguu juu, kama anapumua kwa shida mkalisheni, na pikipiki au mtumbwi uondoke saa ileile kwenda kituo kilicho karibu. Nyie mnaoishi vijiji visivyo na barabara, ambako njia ni ziwa peke yake, ulizeni zahanati yenu wiki hii kama sindano hiyo ipo, na kama muda wake wa matumizi haujapita. Kama haipo, lipelekeni suala hilo kwenye kikao cha kamati ya afya ya kijiji, liandikwe kwenye muhtasari.